RELI HUKAGULIWA JUANI, MZEE HAKAGULIWI



Kila mtu wa genge aijua kazi ya mwezi wa Februari. Jua la saa nane likiwaka juu ya mbuga za Kapiti, chuma cha reli hurefuka. Kisipopata nafasi hupinda kama nyoka, na gari lipitalo hapo huanguka. Kwa hiyo saa za joto mtu hutumwa atembee juu ya mataruma akitazama njia, na madereva huambiwa wapunguze mwendo. Hatujamsikia mkubwa hata mmoja akisema kwamba chuma cha Afrika kimezoea jua.

Lakini juu ya wazee wetu maneno hayo twayasikia kila siku. Wamezoea! Walizaliwa juani!

Hapa Kitengela tuna mzee mmoja aliyetumika njiani miaka mingi. Amepanga chumba cha mabati, na mkewe alikuwa amekwenda nyumbani kulima. Humeza dawa za presha, zile zinazotoa maji mwilini. Siku tatu hakuonekana, na kila jirani alidhani jirani mwingine amemwona. Aliyemkuta ni mtoto aliyetumwa kudai pesa za maji. Mzee alikuwa sakafuni, ngozi kavu kama karatasi, akituita kwa majina ya watu waliokwisha kufa. Tulimpakia pikipiki tukamfikisha hospitali, akapona, ingawa miguu yake haina tena nguvu ya zamani.

Sasa sikilizeni aibu yetu. Angalikufa siku ile, jioni yake daftari la mchango lingalizunguka, kila mmoja wetu angalitia zake, na basi la mazishi lingalikodiwa. Kwa kuwa hakufa, daftari halikuzunguka. Mtungi mmoja wa maji kwa siku ungalitosha, nao hatukuupeleka. Tu wepesi kwa jeneza kuliko kwa mtungi!

Wako wasemao kwamba hii ni kazi ya serikali. Kweli, na twaidai. Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyetimiza miaka 70, na mara nyingi hukawia. Mwenye miaka 68 na ugonjwa wa sukari anywe nini? Tena twauliza habari za maji. Bomba la Nolturesh hutoka Loitokitok, ndani ya Kajiado yenyewe, likafika Athi River na Machakos, na wako watu wa Kajiado wanaonunua maji ya mkokoteni. Jua likizidi, bei ya mtungi nayo huzidi. Kuanzia mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Vijana wa Kimasai walihama na ng'ombe, wazee na watoto wakabaki bomani. Maswali hayo hatutayaacha. Lakini mzee aliye sakafuni hawezi kungoja majibu.

Na waajiri wasidhani tumewasahau. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 yamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa, na penye watu 20 au zaidi sharti iwepo kamati ya usalama. Hapo hatuombi, twadai. Ila sheria hiyo hukoma langoni. Mama mkwe wako aliye chini ya mabati haimfikii.

Ndugu mmoja alituambia joto ni shida ya maskini tu. Si hivyo. Ufaransa ni nchi tajiri, na Agosti 2003 joto liliua watu karibu 15,000 huko, wengi wao wazee, na wengi walikuwa peke yao nyumbani. Maji ya bomba walikuwa nayo. Walikosa mtu wa kubisha mlango. Baada ya hapo, 2004, sheria ikataka kila meya aweke orodha ya wazee na wasiojiweza wanaokubali kuandikwa, ili joto likija watafutwe.

Basi sisi tulio na magenge tayari twashindwaje? Twataka kila tawi ligawe mitaa yake kama tunavyogawa maili za njia. Anayetoka zamu ya asubuhi apite milango yake saa nane, atie maji mtungini, afungue dirisha, amtoe mtu kivulini. Wazee hawasikii kiu kama sisi, kwa hiyo usimwulize kama ana kiu. Mpe kikombe, ukae mpaka anywe. Ukimkuta anasema ovyo au mwili unawaka, mpeleke kivulini, mlowanishe kwa maji, mpepee, na utume gari mara moja. Asiyejitambua usimtilie maji kinywani. Tazameni pia watoto wachanga, waja wazito, na wenzetu walio katika zamu ya usiku ambao hulala mchana katika joto hilo hilo.

Mtasema mmechoka. Sisi sote tumechoka, na aliyekagua njia saa nane alikuwa amechoka pia.

Daftari jipya liko kwa katibu wa tawi. Majina ya Kitengela yamejaza kurasa mbili. Ukurasa wa Kajiado mjini bado mtupu.