Lenzi Inayojua Kurudi Nyuma

Ukikaa na wapiga picha wa hapa Nakuru hata nusu saa, lazima usikie huu msemo: zumu ni ya wanaoanza, praimu ni ya wanaojua kazi. Unasemwa kwenye magrupu ya WhatsApp, unasemwa studio, unasemwa na jamaa ambaye mara ya mwisho kuingia mbugani ilikuwa safari ya shule ya msingi. Mimi nasema msemo huu ni wa uongo, ni wa gharama, na vijana wa kutosha wameumia kwa sababu yake.

Kwa asiyejua haya mambo, tuelewane kwanza. Praimu ni lenzi ya urefu mmoja. Ukinunua ya milimita 600, ni 600 asubuhi, 600 jioni, 600 mpaka siku utakayoiuza. Zumu ina masafa: unazungusha pete, unatoka 150 hadi 600 bila kuivua kwenye kamera. Praimu kubwa hufungua tundu pana zaidi, kwa hivyo hupokea mwanga mwingi, na kwa kawaida picha yake huwa kali kutoka kona hadi kona. Hapo sibishani na mtu. Canon RF 600mm ya f/4 inapokea mwanga karibu mara mbili na nusu kuliko zumu ya 150-600 iliyonyooshwa hadi mwisho, ambapo tundu lake ni f/6.3. Chui akiwa chini ya migunga kabla jua halijapanda vizuri, mwanga huo ni mali.

Sasa sikia bei. Hiyo Canon ilipotoka iliuzwa dola 12,999. Kwa pesa zetu ni zaidi ya milioni moja na nusu, na hapo hujalipa usafiri wala kodi. Sigma 150-600 ya Contemporary ilipotoka iliuzwa dola 1,089. Ya kwanza ni pesa ya Probox mtumba na chenji inabaki. Ya pili ni pesa ya ng'ombe wa maziwa.

Lakini sitaki kushinda huu mjadala kwa kulia umaskini. Tuseme umepewa praimu bure, zawadi ya shangazi aliye Marekani. Bado swali liko palepale: utaitumia wapi, na ukiwa umesimama wapi?

Wanaohubiri praimu wana jibu tayari: zumu kwa miguu yako. Ukitaka kitu kionekane kikubwa, sogea. Ukitaka kionekane kidogo, rudi nyuma. Ushauri mzuri sana kwenye harusi. Mzuri pia ukipiga picha barabarani, Kenyatta Avenue, pale mjini. Ila ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru sheria ni kukaa ndani ya gari na gari kukaa barabarani. Unashuka sehemu zilizoruhusiwa tu, kama pale juu Baboon Cliff. Miguu yako iko chini ya kiti. Hiyo zumu ya miguu utaifanyaje, uingie kwenye nyasi ukamuombe nyati asimame vizuri?

Ukweli ni kwamba wanaotumia praimu vizuri mbugani wanazumu kwa gari. Mtalii aliyekodi Land Cruiser peke yake, na dereva wake kwa siku kumi, anasema tu, "Rudi nyuma kidogo, sasa geuza," na dereva anafanya. Akikosa leo, kesho alfajiri wako hapo tena. Begani ana kamera ya pili yenye lenzi fupi, ikitokea mnyama amekaribia. Huyo praimu inamfaa kabisa.

Sisi tunaingia vipi? Tunachanga. Watu sita au saba kwenye van moja, siku moja, kila mtu na haraka yake. Kuna mmoja alikuja kuona simba tu. Kuna mama amebeba mtoto aliyechoka. Dereva anasimama pale anapoweza kusimama bila kuziba njia, na akisimama amesimama. Wewe uko dirisha la nyuma upande wa kushoto. Kila kitu kuhusu mahali ulipo kimeamuliwa na mtu mwingine. Kitu pekee kilichobaki mikononi mwako ni ile pete ya zumu, halafu mtu anakuja kukuambia uitupe ndio uonekane unajua kazi?

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo maneno matamu huisha. Vifaru wa Nakuru wamezoea magari. Si ajabu kumkuta mmoja analisha mita 20 kutoka barabarani. Kwa lenzi ya 600 kwenye kamera yenye sensa kubwa, kwa umbali huo fremu yako inashika upana wa mita 1.2. Kifaru mweupe mzima ana urefu wa kama mita tatu na nusu. Utapata pembe, jicho na kipande cha sikio. Kwa 150 unashika mita 4.8, yaani mnyama mzima na nyasi anazokula. Halafu ukitaka jicho, zungusha pete. Jicho hilo hapo.

Hayo ni ya uwezo. Kinachoniudhi zaidi ni kinachobaki nje ya picha.

Mbuga yetu ina kilomita za mraba 188 hivi, imezungukwa na ua wa umeme, na jiji limeiegemea upande wa kaskazini. Ziwa lilipanda miaka ya 2010 likameza lango kuu la zamani na barabara za kando. Miti iliyokuwa ufukweni ikafa ikiwa imesimama majini, na mingi bado iko pale, myeupe kama mifupa. Maji mengi yalipunguza chumvi, mwani wanaoula flamingo ukapungua, na wengi wao wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Hii ndiyo habari kubwa ya Nakuru kwa kizazi chetu. Yeyote anayeishi hapa anaijua.

Sasa tafuta picha za Nakuru kwenye intaneti. Utapata uso wa kifaru, nyuma yake kijani laini kilichoyeyuka. Utapata flamingo mmoja kwenye maji yasiyo na ng'ambo. Hakuna ua, hakuna mti uliokufa, hakuna ghorofa hata moja ya mji ambao kwa kweli unaonekana waziwazi ukiwa ndani ya mbuga. Lenzi ndefu yenye tundu pana ni fundi wa kufuta. Inachukua mnyama anayeishi na majirani zaidi ya laki tano na kumfanya aonekane yuko mwanzo wa dunia, kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Kwa kalenda ya Ulaya hiyo ni sawa. Kwetu ni kufutwa kwenye picha ya nyumbani kwetu.

Zumu inakuruhusu kurudi nyuma. Unampiga mwari akiwa karibu, halafu unarudi hadi 150 na pale pale unapata mwari, miti iliyokufa, na mabati ya mtaa yakimeta kwa mbali. Picha ya pili haitashinda likes. Lakini miaka ishirini ijayo, mtu akitaka kujua ziwa lilikuwaje, ataitafuta hiyo.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: ukali. Ndiyo, praimu ni kali zaidi. Lakini saa tano mchana, joto likitoka ardhini, hewa yenyewe inacheza, na mnyama aliye mita mia mbili atatoka kama yuko nyuma ya mvuke wa sufuria. Hakuna lenzi duniani inayorekebisha hewa. Amka mapema, egemeza lenzi kwenye mfuko wa mchele dirishani, mwombe dereva azime injini. Vitu hivyo vitatu vitakupa ukali ambao milioni na nusu haitakupa.

La pili: mwanga. Nimekubali tayari, na sirudi nyuma. Pale f/4 inapohitaji ISO 3200, zumu ya f/6.3 itataka karibu ISO 8000, na picha itakuwa na chengachenga. Ila tangu Aprili 2023 hata Lightroom ina kifaa cha kuzisafisha, na kinafanya kazi nzuri kuliko wazee wa grupu wanavyotaka kukiri. Kwa anayechapisha mabango makubwa, tofauti bado ipo. Kwa wewe unayeuza picha kwa kampuni ndogo ya utalii au kuandikia jarida kama hili, mteja hataiona.

La tatu: vumbi. Zumu inayorefuka na kufupika huvuta hewa, na mji huu watu husema jina lake lenyewe linatokana na vumbi kwa Kimaasai. Ni kweli. Lakini mwenye praimu moja na mahitaji mawili atabadilisha lenzi ndani ya van, dirisha wazi, sensa ikiwa uchi. Chagua vumbi lako.

Je, praimu haina kazi kabisa? Ina kazi, na nitakuambia wapi: pale unapoweza kutembea. Hapa Kiamunyi ninapoishi, huhitaji kulipa getini. Asubuhi kuna kwarara wanaopiga kelele juu ya paa za watu, kuna chozi kwenye maua ya ua, kuna ndege wawindaji wakizunguka upande wa Menengai. Hapo miguu ni yangu. Naweza kusogea, kungoja, kujificha nyuma ya mahindi ya jirani baada ya kumuomba ruhusa. Lenzi kama Canon EF 400mm ya f/5.6, ya tangu 1993, haina kitulizaji cha mtikisiko, lakini ina uzito wa kilo moja na robo tu na mtumba wake si wa kutisha. Kwa ndege, kwa mguu, ni tamu. Hell's Gate pia, ambako unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli. Kwa hivyo msemo wao umesimama kichwa chini: lenzi ya urefu mmoja ni ya mwenye uhuru wa kusogea. Asiye na uhuru huo anahitaji zumu, awe anaanza au amepiga miaka thelathini.

Hii si hadithi ya vifaa tu. Kuna kijana wa mtaa wetu aliyekuwa na nduthi. Nduthi ndiyo ilikuwa inamlisha, na ndiyo ilikuwa inamfikisha Elmenteita Jumapili kupiga mwari kwa zumu yake. Grupuni wakamcheka hadi akaiuza, zumu na nduthi zote mbili, akanunua praimu kuukuu ya 300 f/2.8. Sasa ana lenzi ya heshima na hana njia ya kufika kwa mnyama yeyote. Waliomcheka hawajamchangia hata fare.

Mimi niliacha chuo, naishi kwa maneno ninayolipwa kwa kipande, kwa hivyo nina mzio wa watu wanaouza cheti cha kuingilia. Chuo kina chake, na upigaji picha umejitengenezea chake: onyesha lenzi kwanza, ndipo tuangalie picha. Matokeo ni kwamba wanyama wa Kenya wanaendelea kuonyeshwa duniani kwa macho ya waliokuja siku kumi, huku aliyezaliwa kilomita chache kutoka langoni akiweka akiba ya kifaa ambacho hakitamfaa ndani ya van.

Usikope kwa simu ili ununue lenzi. Kodi zumu wikendi moja. Ingia na wenzako, kaa dirisha lolote utakalopewa. Piga kifaru kwa 600, kisha mpige kwa 150, na ua na jiji vikiwa nyuma yake. Tuma zote mbili kwa grupu, na usiwaambie ulitumia lenzi gani.