Mtoto huyu amefanana na nani?

Liko neno liwezalo kuvunja nyumba, iwe Kadutu, iwe Bagira, iwe vilimani Kabare: "Mtoto huyu hafanani nami." Mume humtazama mtoto, kisha humtazama mkewe kwa jicho baya. Neno hilo huwa kali zaidi mtoto akizaliwa na ualbino, mwenye ngozi nyeupe na nywele za manjano, hali wazazi wote wawili ni weusi. Basi leo twataka kueleza jinsi mbegu za uzazi zinavyofanyika, maana jibu limo humo.

Karibu kila seli ya mwili wa mtu ina nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. Zimo jozi 23: katika kila jozi uzi mmoja ulitoka kwa baba, wa pili kwa mama. Zifananisheni na nyuzi za shanga, na kila ushanga ni agizo dogo la kuujenga mwili. Kama mbegu za wazazi zingalikuwa na nyuzi 46 kila moja, mtoto angalikuwa na 92, na mjukuu 184! Kwa hiyo seli za uzazi hugawanyika kwa namna ya pekee iitwayo meiosisi: nyuzi hunakiliwa mara moja, lakini seli hugawanyika mara mbili, hata kila mbegu ikabaki na nyuzi 23 tu.

Kabla ya kuachana, nyuzi za jozi moja hulala bega kwa bega na kubadilishana vipande. Kisha kila jozi huachana bila kungoja shauri la jozi nyingine: hapa uzi wa babu waenda kuume, pale wa nyanya. Kwa kuachana huko tu, tusipohesabu vipande vilivyobadilishwa, mtu mmoja aweza kutoa mbegu za namna 8,388,608. (Wanafunzi waandike 2 mara 23, wazizidishe zote, wahakikishe.)

Migomba yetu haipati hayo. Kromosomu zake zimo tatu tatu, hazigawanyiki nusu sawa. Ndiyo sababu ndizi hazina mbegu, na chipukizi ni mgomba ule ule wa mama.

Padri Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino, alipanda njegere katika bustani ya monasteri ya Brno, akatangaza matokeo mwaka 1866. Alichanganya ndefu na fupi. Watoto wote wakawa warefu. Lakini kati ya wajukuu ufupi ulirudi, karibu mmoja kwa kila wanne. Haukuwa umepotea, ulikuwa umejificha.

Ualbino nao hujificha vivyo hivyo. Baba ana ushanga mmoja mzima na mmoja mbovu, na mama vilevile. Ule mzima watosha kuifanya ngozi iwe nyeusi. Mbegu mbili zenye ushanga mbovu zikikutana, mtoto huzaliwa na ualbino. Bahati hiyo ni moja katika nne, nayo huanza upya kila mimba. Basi ngozi ya mtoto huyo si ushahidi wa uzinzi hata kidogo, na mume anayemfukuza mkewe kwa ajili yake hajui kwamba ushanga mmoja hutoka kwa baba.

Mtoto mwenyewe ahitaji kofia pana na nguo za mikono mirefu juani. Na mwalimu amketishe karibu na ubao, kwa kuwa macho yake hayaoni vema mbali.