Chakula kitamu kiko jiko la nyuma

CHUNGU CHA JUMAPILI
Na Zuhura Mndeme

Kambi nyingi za watalii huku kaskazini zina majiko mawili. La mbele linapikia wageni, la nyuma linapikia wafanyakazi. Ukitaka kula vizuri, fanya urafiki na la nyuma.

Hivi karibuni nililala Mto wa Mbu, katika kambi ya mahema isiyo na makuu: vitanda vya miti, taa za chemli, maji ya kuoga yaliyochemshwa kwa kuni na kupandishwa kwa ndoo hadi kwenye pipa juu ya bafu. Nilipapenda. Kila kitu kilikuwa cha pale pale, isipokuwa kilichokuwa mezani. Tuliletewa supu ya uyoga wa kopo, tambi, na keki ya krimu. Harufu ya vitunguu ilipovuma kutoka nyuma nikaomba radhi, nikaifuata. Mama mpishi alikuwa akipakua wali, mchicha wa karanga, na ndizi zilizopikwa na nyama ya mbuzi. "Karibu mwanangu," akasema, "ila huku hakuna uma."

Na Mto wa Mbu si jangwa. Maji yanayoshuka kutoka ukuta wa Bonde la Ufa yananywesha mpunga na migomba, na ndizi nyekundu zinauzwa kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Vitunguu viko Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Mchele wenye harufu yake uko Magugu, njia ya Babati. Wamasai wana maziwa mgando, Waarusha wana loshoro, Wachaga waliohamia hapo wamekuja na mtori na mbege. Katikati ya neema yote hiyo, mtu anafungua kopo la uyoga!

Mameneja hujitetea kwamba matumbo ya wageni ni mepesi. Haya. Kati ya makande yaliyotokota tangu asubuhi na saladi mbichi ya kambini, kipi kinatisha zaidi? Tena hapo hapo kijijini akina mama wanawapikia wageni chakula cha mchana, na wageni wanaomba kuongezewa. Wengine huniambia kambi zao zina "usiku wa Kiswahili" mara moja kwa wiki, vitenge mezani na ngoma juu yake. Ugali hauhitaji ngoma ili uliwe.

Ningepewa kambi, ningeanza na lile boksi la chakula linalopakiwa garini alfajiri: paja la kuku lililopoa, mkate uliolowa, juisi. Badala yake ningeweka viazi vitamu vya kuchemsha, karanga za kukaanga na ndizi nyekundu mbili. Havimwagiki, havichachi kwa joto la mchana, vinanunuliwa sokoni hatua chache kutoka getini. Dereva naye angekula pamoja na wageni wake, badala ya kujificha nyuma ya gari na kontena lake la ugali.