Tuliyoyaona Makanyagio na Yanayotupasa Hapa Kwetu



Baada ya msimu kwisha, na majamvi yetu kukunjwa, tulipata safari ya mbali ambayo hatukuitazamia. Mwana wa ndugu yetu, ambaye ni mwalimu huko bara, alioa katika mji wa Mpanda, nasi tukaitwa arusini. Tulivuka bahari mpaka Dar es Salaam, tukapanda gari la moshi mpaka Tabora, na kutoka huko tukashika njia ya reli inayochepuka Kaliua kuelekea kusini. Tulishukia Mpanda, tukapokewa katika mtaa uitwao Makanyagio, na huko tukakaa siku kumi na mbili.

Hatuandiki haya ili kujisifu kwa safari. Twaandika kwa sababu tulikuta huko jambo lile lile linalotushughulisha hapa kisiwani, na ambalo litaletwa mbele yenu katika Mkutano Mkuu ujao, yaani shauri la mashamba yetu ya karafuu kukatwakatwa viwanja vya nyumba. Mara nyingine mtu haoni vizuri uso wake mpaka autazame katika kioo cha mwenziwe.

Jina la Makanyagio mwenye kujua Kiswahili hulisikia mara moja: ni mahali pa kukanyaga. Nasi twaona ni jina lililopata mji wake, kwani Mpanda imekanyagwa na watu wa kila namna. Wenyeji ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, kisha wamekuja Wafipa, Waha, Wasukuma na ng'ombe wao, na watu wa Burundi walioikimbia nchi yao mwaka 1972 wakapewa makao Katumba. Wengi wa watu hao wa Burundi leo ni raia wa Tanzania. Sokoni utasikia lugha tano kabla hujanunua fungu la nyanya, lakini bei yote hutajwa kwa Kiswahili.

Mji huu uliletwa na madini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya wakati ule ilijenga reli ya maili 130 hivi kutoka Kaliua, kati ya mwaka 1947 na 1950, kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba. Risasi, pamoja na shaba na fedha, ilipakiwa mabehewani ikaenda zake pwani. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Tangu kufunguliwa kwa reli mpaka kufungwa kwa mgodi ni miaka kumi tu! Mkarafuu uliopandwa siku ya kwanza ya reli ungekuwa umezaa misimu miwili mitatu tu. Walioleta maendeleo yale waliondoka, lakini reli ilibaki, na watu wakabaki nayo. Mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi, na leo iko barabara ya lami pia. Basi lililokuja kwa ajili ya jiwe limeishia kuwa la watu. Hilo ni jema, na twalisema kwanza ili msidhani kwamba sisi ni watu wa kulilia mambo ya kale.

Sasa tutazame nyumba. Wazee wa Mpanda wanaikumbuka nyumba ya miti na udongo, iliyoezekwa kwa nyasi. Nyumba ile ilitoka porini, na ilipochakaa ilirudi porini. Ilikuwa na ubaridi mchana na joto usiku. Lakini nyasi huvuja, hushika moto, huingia mchwa, na kila baada ya miaka michache ni kuezeka upya. Mwenyeji wetu, mzee wa makamo, alitueleza kwamba yeye haitamani tena nyumba ile hata siku moja, nasi hatukuweza kumlaumu. Leo Makanyagio ni mtaa wa nyumba za tofali za kuchoma na mapaa ya bati, zimepangana moja baada ya moja, na karibu kila uwanja una rundo la tofali likingojea mwenyewe apate fedha za kuendelea.

Lakini tofali hiyo yachomwa kwa nini? Yachomwa kwa kuni. Tuliona tanuri zimesimama nje ya mji, kila moja na midomo yake ya kutilia magogo, na moto wake hauzimwi kwa siku kadhaa. Kuni hizo ni miti ya miombo. Tumbaku inayolimwa katika wilaya zile nayo hukaushwa kwa moto wa kuni. Mkaa wa kupikia nao watoka huko huko. Na mninga, ambao wengi wetu hapa visiwani tumelalia vitanda vyake na kufunga milango yake, nao ni mti wa misitu ile ya miombo. Kwa hivyo tusijidai kwamba shoka la bara halituhusu.

Wala si kweli kwamba desturi za kale hazikuwa na madhara. Watu wa Mpanda ni mabingwa wa asali tangu zamani. Mzinga wao wa asili hutengenezwa kwa gome la mti, linalobanduliwa mzima mzima kama joho, na mti uliobanduliwa hivyo hukauka ukafa. Walipokuwa watu wachache na miti mingi, khasara ile haikuonekana. Watu walipoongezeka ikaonekana, na sasa wafugaji nyuki wanahimizwa kutumia mizinga ya mbao, ambayo hudumu miaka mingi bila ya kuua mti kila mara. Hapo twaona kwamba kuibadili desturi si kuivunja. Asali ni ile ile, na mfugaji ni yule yule.

Jambo jingine lilitugusa zaidi. Jina la Katavi latokana na Katabi, mzimu wa mwindaji wa kale ambaye Wabende huamini kwamba anakaa katika mkwaju ulio kando ya ziwa Katavi, na watu huacha sadaka zao chini ya mti ule. Kila mmoja na imani yake, nasi hatuna la kuongeza hapo. Lakini tazameni safari ya jina hilo. Mwaka 1974 likawa jina la hifadhi ya taifa, na mwaka 1998 hifadhi hiyo ikapanuliwa ikafika kilomita za mraba 4,471. Mwaka 2012 likawa jina la mkoa mzima. Jina limepanda cheo. Lakini mto Katuma, unaonywesha nyika zile, umekuwa ukipungukiwa na maji vibaya wakati wa kiangazi, na sababu mojawapo ni kuchepushwa kwa maji huko juu kwenda katika mashamba. Viboko hubanana matopeni kwa mamia. Wakulima wa mpunga si waovu, nao wana watoto wa kulisha. Ila twajiuliza, jina likitukuzwa na maji yakakauka, kilichohifadhiwa ni nini? Utamaduni haukai katika kibao cha barabarani. Hukaa pale mahali penyewe, na pakiharibika hubaki neno tupu.

Basi tukarudi nyumbani na maswali hayo, na tuliposhuka bandarini macho yetu yalikuwa yamefunguka.

Sisi nasi ni watoto wa mabadiliko. Karafuu si mti wa asili wa visiwa hivi. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na ili kuipatia nafasi, misitu mikubwa ilikatwa, na watu wengi walilimishwa kwa utumwa. Anayetaka kujua Pemba ilikuwaje zamani, aende Ngezi akautazame msitu uliosalia. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Kwa hivyo shamba tunaloliita urithi wa babu lilikuwa jambo jipya siku babu wa babu alipolipanda. Hatuna haki ya kusema kwamba kila kipya ni kibaya. Tuna haki ya kuuliza kipya kinakula nini, na nani atakayelipa.

Tazameni nyumba zetu. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, au kwa fito, udongo na makuti. Mbele waliacha baraza. Nyumba ya chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Mtu akija akaipiga saruji juu yake, unyevu hunaswa ndani, na ukuta huoza kimya kimya. Na nyumba ikiachwa bila ya kutunzwa huanguka hata iwe ya nani. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka. Sifa peke yake haishikilii paa.

Na sisi tunaoandika haya hatuna mikono safi, na ni bora tuseme wenyewe kabla hatujasemwa. Miaka tisa iliyopita tuliivunja nyumba ya udongo ya marehemu baba, tukajenga ya matofali ya saruji, yenye bati la rangi. Ili nyumba iingie vizuri, tukaiangusha mikarafuu minne. Baraza hatukuijenga, kwa kuwa fundi alisema inakula nafasi na siku hizi watu hukaa ndani. Leo mchana hakukaliki humo ndani kwa joto. Na msimu ukifika ndipo tunapojua tulilolifanya. Zamani jirani walikuja baada ya magharibi, wakakaa barazani kuchambua karafuu, huku khabari na hadithi zikienda, na mtoto akijifunza kutenga karafuu na makonyo bila ya kufundishwa. Sasa kila mmoja huchambua ndani kwake, mbele ya televisheni. Karafuu zachambuliwa, hilo halikatazwi. Lakini watoto wetu wanajua majina ya wachezaji mpira wa Ulaya, na hawamjui mwenye shamba linalopakana na letu. Mikarafuu ile minne tulidhani ndiyo khasara yote. Kumbe iliyo kubwa zaidi ilikuwa baraza.

Sasa twende kwenye shauri lenyewe. Wanachama wote mnajua kwamba tangu barabara yetu ilipotengenezwa, wanunuzi wa viwanja hawakauki. Mwenye eka mbili anauza nusu eka, mwakani nusu nyingine. Mahali pengine shamba halikuuzwa, bali limechimbwa mchanga, likabaki shimo la kufugia mbu. Mchanga huo unakwenda kufanya matofali ya nyumba zinazojengwa juu ya mashamba mengine. Hivyo kisiwa kinajila chenyewe, pande mbili kwa mara moja.

Hoja ya vijana tumeisikia, na ni hoja ya haki. Wanasema: mkarafuu hungoja miaka sita, saba au minane kabla ya kuzaa, na kiwanja hulipa leo. Wanasema pia kwamba wanaoa, wanazaa, nao hawawezi kuishi juu ya mti. Ni kweli. Mzee anayekataza kijana kujenga, hali yeye analala katika nyumba yake, hasemi kwa insafu. Lakini mkarafuu ukitunzwa huzaa miaka sitini na zaidi, na kiwanja huuzwa mara moja tu. Mgodi wa Mukwamba ulitoa fedha nyingi kuliko msitu, kwa miaka kumi. Wenye kuuza ardhi wamekuwa wachimba mgodi, na mgodi wao ni mfupi zaidi.

Kwa hivyo, rai yetu kwa Mkutano Mkuu ni hii. Kwanza, wanachama tukubaliane kwamba nyumba zijengwe kwenye ardhi isiyo na mikarafuu, nayo ipo, na penye uhaba tujenge kwenda juu, si kutandaa. Pili, pale ambapo hapana budi mti kuondolewa, ufuatwe utaratibu wa sheria, na mwenyewe apande miche mitatu mahali pengine na kuionyesha kwa kamati mpaka ishike. Tatu, chama kiwapatie vijana wetu mashine ya kushindilia tofali za udongo na saruji kidogo, zisizochomwa moto na zisizotaka mchanga mwingi, na kiwalipie fundi wa kuwafundisha. Nne, kila nyumba mpya ya mwanachama iwe na baraza. Mtaicheka hii ya nne. Chekeni, kisha kaeni mfikiri.

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Nasi hatusemi msala mpya usinunuliwe. Twasema usiunuliwe kwa kuuchana mbacha tunaoukalia.

Siku ya kuondoka Makanyagio mwenyeji wetu alitupa dumu la asali. Alitueleza kwamba ilitoka katika mzinga wa mbao aliounda mwanawe, uliotundikwa kwenye mti ambao babu yake pia alitundika mizinga. Sisi tulimpelekea pishi ya karafuu, naye alinusa, akauliza mti wenyewe una umri gani. Tulimjibu kwamba ulipandwa na babu. Akaridhika. Tulifurahi kuwa na la kumjibu. Twamwomba Mungu watoto wetu nao, wakiulizwa swali lile, wawe na la kujibu.

Mkutano ni wenu. Fikeni kwa wingi, waume kwa wake, na vijana khasa. Tuna haya tu ya kusema kwa leo.