Leseni Isiwe Adhabu

Abiria ashukaye Kange usiku hulakiwa na makelele: taksi, bajaji, bodaboda. Kando yao husimama gari lenye namba za manjano, gari la mtu binafsi lisiloruhusiwa kutoza nauli. Watu huliita taksi bubu, na kumbe mwenyewe ndiye apigaye kelele kuliko wote.

Ndugu yetu mwenye namba nyeupe amekwisha kulipia leseni ya LATRA, bima ya gari la abiria na kodi, kabla hajapata hata abiria mmoja. Bubu hana leseni, ndiyo maana hushusha nauli. Tena, tangu kanuni za 2010 kuwapa leseni bodaboda na bajaji, safari fupi za Ngamiani zimewatoka wenye taksi. Hapo hatumlaumu mtu; mnyonge naye ataka nauli nafuu.

Twawashauri madereva wa Tanga wajiunge katika ushirika chini ya Sheria ya 2013. Aprili 2022, LATRA ilipoyawekea kikomo cha asilimia 15 makato ya kampuni za mtandaoni, Uber ilisimamisha kazi nchini. Kikomo kilipolegezwa, ikarudi. Je, dereva mmoja wa Chumbageni akiegesha gari lake kwa hasira, nani atashtuka?

Lakini viongozi wa ushirika wasomeshe hesabu mbele ya wanachama, na COASCO ikague. Mfuko usioonekana huvunja chama upesi kuliko bodaboda. Nao wakubwa wa LATRA, kabla ya kudai ada ya mwaka ujao, waende Kange saa nne za usiku, wahesabu namba za manjano.