Mzee Young wa Petroli

Ile taa ya petroli iliyokuwa juu ya meza ya bibi yako, unajua nani alifundisha dunia kutengeneza mafuta ya namna ile kwa wingi? Vijana watajibu upesi: Wamarekani. Ni kweli, Wamarekani walichimba wakapata mafuta kule Pennsylvania mwaka 1859. Lakini miaka minane mbele yao, mu inchi ya Uskoti, kulikuwa tayari kiwanda cha kutoa mafuta ndani ya makaa ya mawe. Mwenye kiwanda aliitwa James Young, mutu wa shimi, ile elimu inayochunguza vitu vimefanyika na nini na namna gani vinageuka. Watu wa kwao walimpa jina la kuchekesha, wakamwita Paraffin Young.

Mwezi huu tunamkumbuka yeye. Mafuta yake yanatosha kumpa mahali ku ukurasa huu, lakini mimi napenda zaidi mambo aliyoyafanya alipokwisha kuacha kazi, maana hayo yalifika mpaka kwetu Katanga.

Alizaliwa Glasgow tarehe 13 Julai 1811. Baba yake alikuwa fundi wa mbao, na kijana alitumika kwa baba yake mchana. Mangaribi alikwenda kusoma ku shule ya Anderson, shule iliyofunguliwa kwa wasia wa mwalimu mmoja aliyetaka hata watu wa kazi za mikono wapate elimu. Pale alimkuta mwalimu Thomas Graham, mwenye akili sana katika shimi. Graham aliona mikono ya yule seremala: inajua kutengeneza vyombo, haivunji, haiogopi. Akamchukua awe msaidizi wake.

Miaka ile ile akaja mwanafunzi mwingine, kijana wa Blantyre, aliyeanza kazi ku kiwanda cha nyuzi tangu miaka kumi. Alikuwa anajifunza uganga ili aende ng'ambo kama mmisionari. Huyo ndiye David Livingstone. Young alikuwa na vyombo vya ufundi na meza ya kazi, na Livingstone alipenda kwenda pale kujifunza kushika vyombo. Hapo urafiki ukaanza. Mmoja mtoto wa seremala, mwingine mtoto wa kiwanda, na hakuna aliyekuwa na feza.

Young akatumika miaka mingi ku viwanda vya Uingereza. Mwaka 1847 aliambiwa habari ya mafuta meusi yanayotoka polepole ndani ya shimo la makaa, kule Derbyshire. Akayasafisha, akapata mafuta mepesi ya taa na mengine mazito ya kulainisha mashini. Biashara ikawa nzuri, halafu chemchemi ile ikaanza kukauka. Sasa wewe ungefanya nini? Wengi wangefunga mlango. Young alijiuliza hivi: kama mafuta yametoka karibu na makaa, pengine moto wa chini umeyatoa ndani ya makaa yenyewe. Akajaribu aina nyingi za makaa. Siri aliyoipata ni moto. Ukichoma makaa kwa moto mkali ndani ya chombo kilichofungwa, unapata gazi. Ukiyapasha polepole, kwa moto mdogo, unapata mafuta. Tarehe 17 Oktoba 1850 akapata hati ya serikali ya kukataza wengine wasiige kazi yake kwa miaka 14. Mwaka uliofuata akafungua kiwanda Bathgate, pamoja na wenzake wawili. Tuseme kweli: kulikuwa watu wengine, Ufaransa na Kanada, waliokuwa wanatafuta njia hiyo hiyo, na wengine walimtangulia katika sehemu fulani. Lakini kugeuza jambo hilo kuwa kazi kubwa ya kila siku, yenye kuuzika ku kila soko, njo Young.

Hapa kuna kisa ambacho watu wa migodi watakielewa mbele ya wengine. Makaa mazuri kushinda yote yalitoka Torbanehill, karibu na Bathgate. Mwenye udongo, bwana Gillespie, alikuwa amekodisha shamba lake ili wachimbe makaa ya mawe, kwa bei ya makaa. Halafu akaona kile kitu kinauzwa bei kubwa sana, kinatoa mafuta na gazi kupita makaa yote. Akawashitaki wachimbaji, akasema: ‘Hii si makaa, mimi sikuwapa ruhusa ya kuchukua hii!’ Mwaka 1853 kesi ikaingia Edinburgh. Wenye elimu wakagawanyika, hawa wanasema ni makaa, wale wanasema si makaa, kila mmoja na kioo chake cha kukuzia. Mwisho waamuzi wakasema ni makaa, na Gillespie akashindwa. Kumbe neno moja tu ku karatasi ya mkataba linaweza kukupa mali ao kukunyima. Yeye Young alibaki na makaa yake.

Feza zikaingia. Alitoza hata viwanda vya Marekani vilivyotumia njia yake. Mwaka 1865 akajenga kiwanda kikubwa zaidi Addiewell, na mutu aliyeweka jiwe la msingi alikuwa rafiki yake Livingstone, aliyekuwa kwao kwa muda kabla ya kurudi Afrika mara ya mwisho. Mwaka 1866 Young akauza kampuni, na baada ya miaka michache akaacha kazi kabisa. Alikuwa na miaka karibu 60, nyumba kubwa ya Kelly pale Wemyss Bay kando ya bahari, na merikebu yake ya kutembelea.

Mutu wa namna hiyo anaweza kukaa tu anaangalia mawimbi. Yeye alirudi nyuma kwa wale waliomfanya mutu. Ile shule ya mangaribi iliyompokea akiwa na vumbi la mbao, akawa mkubwa wake tangu 1868, na mwaka 1870 akatoa pauni 10,500 ili pawe daima mwalimu wa shimi ya viwanda. Leo shule hiyo ni Chuo Kikuu cha Strathclyde. Mwalimu Graham alikufa 1869. Young akasimamisha sanamu yake ku George Square, katikati ya Glasgow, mwaka 1872. Halafu akalipa gharama za kukusanya maandishi yote ya Graham na kuyachapisha kitabu kimoja mwaka 1876. Mimi naona kitabu kile kinapita sanamu. Sanamu inaonyesha uso, lakini mwanafunzi maskini anahitaji yale mwalimu aliyoyasema.

Hakuacha uchunguzi pia. Aliona maji machafu ndani ya merikebu ya chuma yana ukali unaokula chuma, akashauri watie chokaa. Na katika miaka ya 1880 na 1881, pamoja na mwalimu George Forbes, walipima mbio ya mwangaza, toka nyumba yake mpaka vilima ng'ambo ya maji. Walipata karibu kilometa 301,000 kwa sekunde moja. Leo tunajua ni 299,792. Kwa mzee wa miaka 70 si vibaya! Walidhani tena kwamba mwangaza wa buluu unakimbia kupita mwekundu, na hilo halikuwa kweli.

Sasa tuje kwetu. Livingstone alipokuwa huku kwetu, kando ya Lualaba, alisikia habari ya chemchemi nne zilizo karibu na Katanga, mbili zinapeleka maji kaskazini, mbili kusini. Alitumaini ni mwanzo wa mto Nile. Akazipa majina ya Waingereza na rafiki zake, na moja ikawa ya Young, yule aliyezoea kumwita kwa mchezo ‘Sir Paraffin’. Tunajua leo kwamba maji ya Lualaba ni maji ya mto Kongo, na jina la Young halikushika. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuyapa maji yale majina yao, na ni hayo tunayoyatumia hadi leo.

Feza ya Young ilishika zaidi kuliko jina lake. Livingstone alipokaa miaka bila habari, Young alitoa pauni 2,000 kwa msafara wa Luteni Grandy, uliotoka pwani ya magharibi mwaka 1873, upande wa mto Kongo, kumtafuta. Walichelewa. Livingstone alikuwa amekufa mwezi wa tano mwaka ule ule, ku mji wa Chitambo, mu inchi ya Zambia ya leo.

Unajua yaliyofuata, maana yanasomwa ku shule: Chuma na Susi na wenzao walikausha maiti, wakaibeba miezi na miezi mpaka Bagamoyo, walipofika Februari 1874. Pale pwani Waingereza wakaichukua, wakaipandisha merikebu. Na wale waliobeba? Jacob Wainwright alilipiwa safari na kundi la wamisionari, akasimama mbele ya kaburi ndani ya kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi waliachwa nyuma. Hakuna mkubwa wa serikali aliyefikiri kwamba wao pia ni jamaa ya marehemu. Miaka mingi ya kutembea naye, kumtunza akiwa mgonjwa, kulinda karatasi zake zisipotee hata moja, na siku ya matanga hawapo!

Young ndiye aliyelipa feza ya safari yao. Walifika maziko yamepita, lakini hawakufika bure. Walikaa na Horace Waller, aliyekuwa anatengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, wakamweleza mito, majina ya wakubwa, siku za mvua na za njaa. Bila wao kurasa nyingi za kitabu kile, kilichotoka mwaka huo huo, zisingeeleweka. Halafu wakaenda Uskoti, kwa mzee mwenyewe pale Kelly. Na ndani ya bustani yake, kwa mikono yao, wakajenga nyumba ya majani, mfano wa ile ambamo Livingstone alikufia. Ninawaza yule mzee amesimama anaangalia fito zinafungwa. Alikuwa na sanamu, alikuwa na barua, lakini namna rafiki yake alivyolala usiku ule wa mwisho, ni wao wawili tu walioweza kumwonyesha.

Sanamu ya Livingstone nayo ikasimama Glasgow mwaka 1879, na Young alikuwa kati ya waliofanya iwezekane. Wachimbaji wa Addiewell hawakupata sanamu. Waliacha kitu kingine: vilima vyekundu vya takataka za mawe yaliyochomwa, virefu kama terili yetu ya Lubumbashi, vinaonekana toka mbali. Kazi ya kutoa mafuta ndani ya mawe ilifungwa kabisa mwaka 1962. Vitano vya vilima vile, karibu na West Calder, watu wanaviita Madada Watano, na serikali inavilinda visibomolewe. Majani na maua adimu yameota juu yake.

Young alikufa Kelly tarehe 13 Mei 1883, akazikwa Inverkip. Chuma alikuwa amemtangulia mwaka 1882, kule Unguja. Susi ndiye aliyebaki. Miaka ile alikuwa ametumika huku kwetu, pamoja na Stanley, tangu 1879 mpaka 1882, katika kazi ya kufungua vituo ku mto Kongo. Kimoja kiliitwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa. Alirudi Unguja, akabatizwa mwaka 1886, akachukua jina la David. Alikufa mwaka 1891.