Uzuri wa kweli unafika mpaka ndani

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaongojea mushahara nyumbani, leo tuongee juu ya uzuri.

Kila mutu wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Lubumbashi anajua malachite. Ni jiwe la kijani, watu wanalichonga mikufu na visahani vya kuuzishia wageni. Ukilikata, unakuta duara ndani ya duara, kijani kizito na kijani chepesi. Na zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Ule ni uzuri wa kweli: unaonekana inje, na ndani uko vile vile.

Lakini kuko jiwe lingine lenye kijani juu tu, sawa vile rangi ya ukuta. Macho inavutwa, mufuko unajazwa. Mununuzi mwenye akili anakamata nyundo, anapasua: ndani hamuna kitu. Lile jiwe linapendeza, lakini si zuri. Kiisha kuko heterogenite, nyeusi sawa makala, inachafua mikono. Hakuna mama atakayeivaa kwa shingo. Lakini ndani yake muko kobalti, ile dunia yote inatafuta kwa kutengeneza betri za motokari.

Basi, sisi tunajua kupima mawe. Juu ya nini hatupime kazi namna ile ile?

Kampani ya kukodisha wafanyakazi inafika na koti mupya ya kuangaza, kaske nyeupe, karatasi yenye muhuri. Kijana anasaini bila kusoma. Majirani wanasema: mutoto yule amepata kazi nzuri. Tupasue jiwe hilo kwanza. Kontra ni ya muda gani? Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema kontra ya muda haipite miaka 2, na hairudiliwe zaidi ya mara 1, isipokuwa kwa kazi fulani kama zile za musimu. Na mutu wa kazi ya siku kwa siku, akiisha kutumika siku 22 katika miezi 2, wakimuandika tena mbele ya miezi hiyo kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa haina mwisho. Jina lake liko kwa CNSS? Maji ya kutuliza vumbi iko? Akiumia, nani atalipa munganga?

Kuko wenye kusema koti nzuri nayo ni heshima. Ni kweli, hatuikatae. Hata malachite inapendeza macho, na hakuna ubaya. Ubaya ni pale rangi inapakwa kwa kuficha utupu.

Wamama, jambo hili munalijua kuliko sisi. Kijana akikuja kuchumbia binti yenu, hamuangalie viatu vyake tu. Munauliza ukoo wake, munauliza kama anaheshimu mama yake, munauliza kama atabaki siku ya ugonjwa. Muulize kontra maulizo yale yale.

Karatasi ikifika nyumbani, isisainiwe usiku ule. Muisome pamoja, bwana na bibi, hata mutoto mwenye kusoma vizuri Kifaransa akae karibu. Mahali hamuelewe, mulete kwa delege wa sendika. Atawasomea bila kuomba hata franga moja.